Kutoka Kuingiza Upepo hadi Kuuzuia: Historia ya Fremu ya Dirisha na Mwanya Wake Kariakoo na Katikati ya Jiji la Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Methali isemayo "usipoziba ufa utajenga ukuta" hutumiwa kuonya dhidi ya uzembe. Katika ujenzi wa pwani, hata hivyo, si kila uwazi ulihesabiwa kuwa ufa. Ulikuwapo uwazi uliotokana na uchakavu au kazi mbovu, nao ulistahili kuzibwa. Na ulikuwapo uwazi ulioachwa kwa makusudi ili nyumba ipate hewa. Insha hii inafuatilia namna tofauti hiyo ilivyofifia katika jiji la Dar es Salaam kwa kuitazama sehemu moja ndogo ya jengo, yaani fremu ya dirisha na mwanya unaobaki kati ya fremu hiyo na ukuta.

Mwanya huo umezibwa kwa vitu mbalimbali kadiri nyakati zilivyobadilika: udongo, chokaa, saruji na mchanga, silikoni, na katika miaka ya karibuni povu la kupuliza linalotoka katika kopo, likatanuka na kukauka. Kila kizibo kilikuja na aina yake ya dirisha, na kila aina ya dirisha ilibeba mawazo fulani kuhusu hewa ya jiji. Hoja kuu ya insha hii ni kwamba badiliko kubwa zaidi halikuletwa na povu lenyewe. Lilitokea kabla yake, pale dirisha linalofunguka lote lilipoondolewa na kuwekwa dirisha linalofunguka nusu. Povu lilikuja kukamilisha kazi iliyokwisha kuanza, yaani kuuhamisha mzigo wa kupoza chumba kutoka kwenye ukuta na upepo na kuupeleka kwenye mita ya umeme.

2.0 Hali ya Hewa na Nyumba ya Kiswahili

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, ukingoni mwa Bahari ya Hindi. Kati ya Januari na Machi joto la mchana hufika nyuzi 32 za Selsiasi au zaidi kidogo, na hata katika miezi ya Juni na Julai, ambayo wenyeji huiita majira ya baridi, usiku hushuka hadi nyuzi 18 au 19 tu. Unyevu wa hewa ni mwingi karibu mwaka mzima. Katika hali kama hiyo mwili haupati nafuu kwa kuwa na ukuta mzito pekee. Hupata nafuu pale upepo unapopita na kukausha jasho. Upepo nao una majira yake: kaskazi huvuma takribani kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi hutawala sehemu kubwa ya miezi inayosalia.

Nyumba ya Kiswahili, ambayo ndiyo iliyoijaza Kariakoo kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, ilijengwa kwa kuyazingatia hayo. Umbo lake la kawaida lilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi unaokatiza katikati, kuanzia mlango wa mbele wenye baraza hadi uani nyuma. Kuta zilikuwa za miti na fito zilizokandikwa udongo, na paa lilikuwa la makuti, baadaye mabati. Ukumbi ulikuwa njia ya watu, lakini ulikuwa pia njia ya upepo. Kati ya kichwa cha ukuta na paa uliachwa uwazi ambao hewa ya moto ilipanda na kutokea.

Dirisha katika nyumba hiyo lilikuwa dogo, lenye vibao vya mbao vilivyoshikwa na bawaba na, aghalabu, nondo za kuzuia wezi. Fremu ilikuwa ya mbao, ikafungwa kwenye miti ya ukuta, na mwanya uliobaki ulizibwa kwa udongo uleule wa kukandikia. Kizibo hicho kilikuwa na sifa moja muhimu. Masika yalipoifanya mbao ivimbe na kiangazi kilipoifanya isinyae, udongo ulipasuka bila madhara makubwa, na ulikandikwa upya kwa gharama ya jasho tu. Hakuna aliyetarajia mwanya huo uzuie hewa kabisa, kwa sababu ndani ya nyumba hapakuwa na hewa iliyonunuliwa ambayo ingepotea.

3.0 Mji Uliogawanywa na Madirisha Yake

Mji ulioanzishwa na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar katika miaka ya 1860 ulifanywa makao makuu ya utawala wa Kijerumani mwaka 1891. Sheria za ujenzi za Wajerumani, na kisha mpango wa Waingereza wa kugawa mji katika kanda tatu, ziliamua nani ajenge wapi na kwa vifaa gani. Uzunguni, upande wa mashariki kuelekea baharini, palitakiwa majengo ya mtindo wa Kizungu. Uhindini palikuwa mahali pa biashara na makazi ya ghorofa. Kariakoo, ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, palitengwa kwa ajili ya Waafrika. Jina lenyewe la Kariakoo lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza.

Mgawanyo huo ulionekana hata katika madirisha. Majengo ya Wajerumani, kama Hospitali ya Ocean Road iliyokamilika mwaka 1897, yalikuwa na kuta nene, dari za juu na varanda pana zilizolikinga dirisha dhidi ya jua kali na mvua ya pembeni. Vibao vyembamba vilivyopangwa kwa mshazari viliruhusu hewa kupita hata dirisha lilipofungwa. Mwanya kati ya fremu na ukuta ulizibwa kwa chokaa, ambayo ni laini kuliko saruji na huuacha unyevu wa ukuta wa matumbawe utoke. Ingawa gharama yake haikulingana na ile ya nyumba ya udongo, kanuni ilikuwa moja: kivuli kwanza, kisha upepo.

Katika Uhindini, hasa kuanzia miaka ya 1930 hadi 1950, ghorofa mbili au tatu zilisimama juu ya maduka, zikiwa na roshani zinazotazama mtaa. Hapo fremu za chuma zilizoagizwa kutoka Uingereza zilianza kushindana na mbao. Zilikuwa nyembamba, zilipitisha mwanga mwingi, na vioo vyake vilishikiliwa kwa pati. Fremu ya chuma hufungwa ukutani kwa vishikizo, kisha mwanya hujazwa saruji na mchanga. Tatizo lake likawa chumvi ya bahari. Chuma kinapopata kutu hutanuka, nacho kikitanuka huipasua saruji iliyokizunguka, na maji ya masika hupata njia. Kwa mara ya kwanza katika majengo ya mji huu, mwanya wa dirisha ukawa ufa kwa maana kamili ya methali.

4.0 Luva, Matofali ya Matundu na Soko Jipya

Baada ya Vita Kuu ya Pili wasanifu majengo walianza kuijadili hali ya hewa ya nchi za joto kama somo maalumu. Kitabu cha Maxwell Fry na Jane Drew kuhusu usanifu katika ukanda wa unyevunyevu kilitoka mwaka 1956, na fikra za namna hiyo zilionekana pia Dar es Salaam: vikinga jua vya zege, matofali ya matundu kwenye ngazi na korido, na madirisha yenye vipande vya vioo vinavyoinuliwa na kulazwa kwa pamoja, yanayojulikana kwa jina la luva. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilipoanza uzalishaji mwaka 1966, tofali la saruji likapatikana kwa urahisi zaidi, na nyumba za udongo za Kariakoo zikaendelea kugeuzwa moja baada ya nyingine kuwa nyumba za tofali.

Luva ilikuwa na kasoro zake. Haikufunga sawasawa, vumbi lilipenya, na kipande kimoja kikivunjika ilibidi kitafutwe cha kipimo kilekile. Hata hivyo, ilipofunguliwa iliacha karibu dirisha lote wazi, na vipande vyake vilivyoinamishwa viliweza kukinga mvua nyepesi huku hewa ikiendelea kupita. Nyuma yake uliwekwa wavu wa mbu.

Kilele cha fikra hizo katika eneo hili ni Soko la Kariakoo lenyewe. Ukumbi wa zamani uliojengwa na Wajerumani, ambao ulianza kutumika kama soko mwaka 1923, ulibomolewa, na mahali pake likajengwa kati ya mwaka 1970 na 1974 jengo lililosanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki. Rais Julius Nyerere alilifungua mwaka 1975. Paa lake lina maumbo kama miavuli iliyogeuzwa, yanayokusanya maji ya mvua na kuacha hewa na mwanga vipite kati yake. Maelfu ya watu walifanya biashara chini ya paa hilo bila kuhitaji hewa ya mashine. Jengo hilo liliungua Julai 2021, na kazi ya kulirejesha ikaambatana na ujenzi wa soko jingine kando yake.

Katika kipindi hichohicho umiliki wa majengo ya katikati ya mji ulibadilika. Sheria ya mwaka 1971 ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Uhaba wa fedha za kigeni kuelekea mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulifanya vioo na vipuri vya madirisha viwe adimu. Kipande cha luva kilichovunjika kilizibwa kwa ubao au bati. Uwazi uliopangwa na msanifu ulianza kupungua, na sababu haikuwa nadharia mpya ya ujenzi. Ilikuwa ukosefu wa kipuri.

5.0 Alumini na Dirisha la Kusukuma

Kulegezwa kwa masharti ya uagizaji bidhaa kuanzia mwaka 1984, na mageuzi ya uchumi yaliyofuata chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, kulirudisha bidhaa madukani. Kariakoo ikawa kitovu cha biashara ya jumla, na thamani ya ardhi yake ikapanda. Nyumba ya Kiswahili ya familia moja na wapangaji wake haikuweza kushindana na ghorofa yenye maduka chini, ghala katikati na vyumba vya kupangisha juu. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo iliwezesha hata kununua chumba kimoja kimoja ndani ya ghorofa.

Pamoja na ghorofa hizo lilikuja dirisha la alumini la kusukuma. Sababu za kupendwa kwake zinaeleweka. Alumini haishiki kutu kama chuma wala hailiwi na mchwa kama mbao. Fundi anaweza kuikata na kuiunga kwenye karakana ndogo. Fremu yake ni nyepesi kupandishwa ghorofani. Na mng'ao wake ulihesabiwa kuwa dalili ya maendeleo. Wenye nyumba za zamani nao walianza kung'oa mbao, chuma na luva ili kuweka alumini katika tundu lilelile.

Ni hapo ndipo hesabu inapohitajika. Chukuliwe dirisha la upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 1.2. Eneo lake ni mita za mraba 1.8. Likiwa la luva au la vibao viwili vya bawaba, karibu eneo lote huweza kuwa wazi. Likiwa la kusukuma lenye vioo viwili, kioo kimoja hulala juu ya kingine, na uwazi hauzidi mita za mraba 0.9. Nusu ya upepo huzuiwa siku ya kwanza, kabla fundi hajagusa kizibo chochote. Ghorofa zenyewe huuzuia zaidi, kwa kuwa hujaza kiwanja hadi mpakani na dirisha la chumba cha ndani hutazama ukuta wa jirani uliopo hatua chache tu.

6.0 Povu na Mwanya

Fremu mpya ikiwekwa katika tundu la zamani haitoshei sawasawa. Ukuta umepinda, plasta imebanduka, na mwanya wa milimita 10 hadi 30 hubaki pembeni. Fundi wa awali aliujaza saruji na mchanga, akapaka silikoni juu. Siku hizi makopo ya povu hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi, na kazi iliyochukua nusu siku humalizika kwa dakika chache.

Povu hilo ni la jamii ya poliyurethani, ambayo kemia yake ilibuniwa na Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Matumizi yake katika majengo yalipata nguvu katika nchi za baridi, hususani baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, pale kila mwanya ulipoonekana kuwa mahali pesa za kuongezea nyumba joto zinapovujia. Povu la kopo hukauka kwa kunyonya unyevu. Ndiyo maana maelekezo ya kawaida humtaka fundi afute vumbi, alowanishe mwanya, atikise kopo, ajaze sehemu tu ya mwanya, kisha asubiri litanuke. Akijaza kupita kiasi, povu huisukuma fremu nyembamba ya alumini ipinde, na kioo kikagoma kusogea. Likisha kukauka hukatwa kwa kisu na kufunikwa kwa plasta au silikoni, kwani jua huligeuza kuwa la kahawia na kulifanya lipukutike.

Je, faida yake Kariakoo ni kiasi gani? Katika dirisha lililotajwa, mzunguko wa fremu ni mita 5.4. Mwanya wa milimita 15 kuuzunguka wote una eneo la mita za mraba 0.081, yaani asilimia 4.5 ya dirisha. Ni kweli kwamba povu hupitisha joto kidogo mno likilinganishwa na saruji na mchanga, pengine mara ishirini au zaidi pungufu. Lakini pembeni mwake lipo tofali la saruji lisilo na kizuizi chochote cha joto, na katikati kipo kioo kimoja chepesi ambacho jua hupita moja kwa moja. Zaidi ya hayo, chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 24 hutofautiana na nje kwa nyuzi 8 hivi, ilhali nyumba ya Ulaya ya kaskazini wakati wa baridi hutofautiana na nje kwa nyuzi 25 au zaidi. Joto linaloingia kupitia mwanya uliojazwa vizuri ni dogo, liwe limejazwa povu au saruji.

Hilo halina maana kwamba povu ni bure. Huzuia vumbi la mtaa, kelele za magari na majenereta, wadudu, na maji ya masika yanayopigwa na upepo, mradi limefunikwa vizuri. Mahali penye kiyoyozi huzuia hewa iliyopozwa isitoroke kupitia mwanya ambao haukujazwa kitu. Kosa ni kulichukulia kuwa dawa ya joto. Uwazi uliopotea kwa kuondoa luva ni mita za mraba 0.9, mara kumi na moja ya mwanya uliozibwa. Anayeziba mwanya kwa povu ili chumba kipoe, huku jua likipiga kioo kisicho na kivuli, anashughulikia sehemu ndogo na kuiacha kubwa.

7.0 Gharama na Anayeilipa

Badiliko hili limewagusa wakazi kwa namna isiyo sawa. Mwenye kiyoyozi na uwezo wa kulipia umeme hupata chumba tulivu. Mpangaji mwenye feni pekee hurithi dirisha lilelile lililobanwa, lakini bila mashine ambayo dirisha hilo liliisubiri. Vipindi vya mgawo wa umeme, kama ule wa mwaka 2006 na ule wa 2011, vilionyesha hali hiyo waziwazi: umeme ulipokatika, chumba kilichotegemea mita hakikuwa na njia nyingine ya kupoa.

Fundi naye yumo katika hesabu hii. Povu likiwa bado bichi lina isosianeti, kemikali inayowasha ngozi na macho na inayoweza kusababisha pumu kwa anayeivuta mara kwa mara. Glavu, miwani na dirisha lililo wazi wakati wa kazi si anasa. Kopo lenyewe halipaswi kuachwa juani, kwani gesi iliyomo hutanuka kwa joto na huweza kulipasua. Povu lililokauka nalo hushika moto, hivyo kuliacha wazi karibu na nyaya za umeme katika ghorofa zilizojaa bidhaa ni kuongeza hatari mahali ambapo ipo tayari.

Kwa majengo ya kale ya katikati ya jiji lipo suala la ziada. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupokea unyevu na kuutoa. Kizibo kisichopitisha unyevu huulazimisha utafute njia nyingine, mara nyingi kupitia plasta ya ndani au mbao ya fremu. Katika majengo hayo, chokaa inabaki kuwa kizibo kinachofaa zaidi, hata kama huchelewesha kazi.

8.0 Hitimisho

Historia ya mwanya wa dirisha Kariakoo na katikati ya Dar es Salaam si hadithi ya ujinga wa zamani kushindwa na maarifa mapya. Fundi aliyekandika udongo kuzunguka fremu ya mbao, mwashi aliyetumia chokaa, na msanifu aliyeinua miavuli ya zege juu ya soko, wote walianza na swali la namna upepo utakavyoingia. Dirisha la kusukuma lilibadilisha swali hilo likawa namna ya kuuzuia, na povu likatoa jibu la haraka kwa swali ambalo hali ya hewa ya jiji hili haikuwa imeliuliza.

Haifuati kwamba alumini iondolewe wala povu lipigwe marufuku. Dirisha la alumini linaweza kutengenezwa kwa bawaba na kufunguka lote. Linaweza kuwekewa kikinga jua juu yake na wavu nyuma yake. Na povu linaweza kutumika pale panapostahili, likafunikwa ipasavyo. Kinachohitajika ni kurejesha ile tofauti ambayo wajenzi wa pwani waliijua. Ufa na uzibwe, lakini uwazi ulioachwa kwa ajili ya upepo upimwe kwanza, kwa sababu ukishapotea hulipiwa kila mwezi.